Karatasi za Kwanza

Kwa siku nane, katikati ya miaka ya tisini, kazi yangu ilikuwa kuwaambia watoto kwamba wameshindwa. Nilikuwa na maneno yake, yamepigwa chapa kwenye kadi, na nilikatazwa kuongeza wala kupunguza: "Pole. Hukufanya vizuri. Wenzako wengi wa umri wako wanapata zaidi ya hapo." Kadi ya pili ilisema kinyume: "Hongera. Umefanya vizuri. Wenzako wengi hawafikii hapo." Mtoto aliambiwa hili au lile kwa kura. Alichokuwa ameandika kwenye karatasi yake hakikuhusika.

Nayaandika haya nikiwa na hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo inanihusu mwenyewe. Nimejaribu kuigawa kwa wengine na haikubali.

Kabla ya hapo nilikuwa karani wa chama cha ushirika wa pamba mjini Mwanza. Biashara ilipofunguliwa, wanunuzi binafsi wakaingia vijijini na mizani zao, na ofisi yetu ikaanza kupungukiwa. Kwanza tulikosa chai ya saa nne, kisha utepe wa mashine ya chapa, mwishowe tukaitwa ukumbini, tukasomewa majina ya wanaobaki. Langu halikusomwa. Nikarudi kwenye chumba changu Ilemela, juu kule kwenye mawe, nikauza mitumba ya watoto kwa miezi kadhaa. Niliiuza vibaya, maana sina subira ya kumbembeleza mteja anayenusa nguo kama ananusa samaki. Jirani yangu, mama wa Kisukuma mwenye mdomo mwepesi, alikuwa akinipitia jioni na kuniuliza, "Nyie Wahaya mmesoma mpaka vitabu vikaisha. Sasa mbona hujauza hata soksi?" Tulicheka wote wawili, ila mimi nilipobaki peke yangu sikuwa nacheka.

Kwa hiyo aliponijia mtu na kuniambia kuna mhadhiri wa saikolojia kutoka Dar es Salaam anatafuta msaidizi anayejua kuandika vizuri na kutunza karatasi, nilikwenda siku hiyo hiyo. Watu walimwita Daktari. Alikuwa daktari wa vitabu, si wa sindano, jambo ambalo lilitusumbua baadaye, kwa kuwa kila shule tuliyofika wazazi walileta watoto wenye vikohozi. Alikuwa mtu mpole, mwenye miwani mikubwa na viatu visivyofaa kwa milima yetu. Nasema alikuwa mpole kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ingenirahisishia sana kama angekuwa mkatili.

Alinielezea kazi tukiwa kwenye kantini ya nyumba ya wageni, akipanga vizibo vya soda juu ya meza.

"Chukulia una mbolea mpya," alisema. "Unataka kujua kama inafaa. Njia ya kwanza, unakusanya mashamba mengi, unapiga kura, haya yapate mbolea, yale yasipate, halafu unalinganisha mavuno. Njia ya pili, unatumia shamba lile lile, msimu huu bila mbolea, msimu ujao na mbolea. Ubaya wake ni kwamba shamba limeshabadilika, na mvua si ile. Njia ya tatu, unatafuta mashamba mawili yanayofanana kwa kila kitu. Moja unalitia mbolea, jingine unaliacha. Hiyo ni tamu, ukiyapata."

Nilipenda namna alivyoeleza. Miaka yote ya karatasi za pamba hakuna aliyewahi kunieleza kitu kwa ajili ya kukielewa tu.

"Kuna na majaribio ambayo mtafiti hayafanyi," akaendelea. "Dunia inamfanyia. Kwa mfano nyie mliopunguzwa kazi. Nusu ya ofisi imebaki, nusu imeondoka. Mtu akiwafuata miaka mitano atajifunza mengi."

"Na sisi tutajifunza nini?" nilimuuliza.

Akashtuka, akavua miwani, akaniomba radhi. Alimaanisha radhi ile. Nami nilikuwa nahitaji kazi, nikanywa soda yangu.

Alichotaka kukijua ni hiki: mtoto akiambiwa ameshindwa, anaikabilije kazi inayofuata? Mtoto angepewa karatasi ya kwanza yenye mafumbo ya maumbo, dakika kumi. Mimi ningeichukua, ningepitisha kalamu nyekundu juu yake kama ninayesahihisha, kisha ningesoma kadi. Halafu ningempa karatasi ya pili, ngumu, na kupima kwa saa ni muda gani atahangaika nayo kabla ya kuweka penseli chini. Muda huo ndio ulikuwa mavuno yetu. Na kabla hajaenda nyumbani, kila aliyesomewa kadi ya "pole" alitakiwa kuelezwa ukweli, yeye mwenyewe, ana kwa ana: kwamba kadi ilikuwa ya kura na haikuhusu akili yake. Kwenye fomu kulikuwa na safu imeandikwa "Ameelezwa," nami niweke tiki. Waliosomewa "hongera" hawakuwa na safu. Daktari alisema hakuna mtu anayeumizwa na sifa.

Shule ya mwisho ilikuwa ng'ambo ya ziwa. Tulivuka kwa kivuko hadi Kamanga, kisha tukapanda nyuma ya pikapu kwenye barabara ya kwenda Sengerema, tukashushwa penye madarasa manne na mti mmoja wenye kengele ya rimu la gari. Mwalimu mkuu alitupokea vizuri, akatupa stoo ya majembe iwe chumba chetu.

Mama mmoja alikuwa ametutangulia kufika. Alikuwa amekaa kwenye ngazi na binti zake wawili wa darasa la saba, wamevaa sweta za aina moja, zimetoboka mahali pamoja kwenye kiwiko, nikadhani mtu kazitoboa kwa makusudi. Mapacha. Majina yao siyataji, ingawa nani nchi hii hajui pacha wa kwanza huitwaje na wa pili huitwaje.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia.

"Marahaba. Wewe ndiye mwalimu wa mitihani?"

"Si mitihani, mama. Ni mchezo wa kujifunza."

Hakuonekana kuujali mchezo wala mtihani. Alisimama, akawashika mabinti mabega. "Nimekuja kusema neno moja. Hawa walizaliwa pamoja. Kwetu mapacha hawapunjani. Akishonewa gauni huyu, na huyu anashonewa siku hiyo hiyo. Akiumwa huyu akanywa dawa, na huyu analambishwa. Ukimpa mmoja ukamnyima mwenzake, umemwita mwenzake afe. Kwa hiyo chochote mtakachowapa, kiwe kizuri, kiwe kibaya, wapewe sawa."

Kwetu Kagera mapacha nao wana mambo yao, kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikuelewa. Bibi yangu angeyasema maneno yale yale. Lakini nilikuwa na orodha ya watoto kumi na wanane na kivuko cha kurudi, na kichwani mwangu "kupewa" kulikuwa penseli na pakiti ya biskuti.

"Watapewa sawa, mama," nikamwambia.

Akashika njia kurudi nyumbani. Mimi nikaingia stoo na kumwambia Daktari kwamba kuna mapacha. Alisimama. Mwalimu mkuu akaongeza kwamba wanakaa dawati moja na hupokezana nafasi ya pili na ya tatu darasani, na kwamba shule haijawahi kupeleka msichana sekondari, ila mwaka huu ana imani na hawa wawili. Mtihani wa taifa ulikuwa umebakiza wiki chache. Daktari alikuwa hasikilizi tena. "Mashamba mawili," alinong'ona. "Udongo mmoja, mvua moja."

Nikaweka vizibo viwili kwenye kopo la maziwa, kimoja nimekipaka rangi ya kucha, nyekundu. Pacha wa kwanza akaingiza mkono, akatoa chekundu. Chekundu kilikuwa "pole."

Nakumbuka alivyofanya karatasi ya kwanza. Alikuwa akilamba midomo na kugeuza karatasi upande huu na ule, na alipopata umbo lililokuwa likimsumbua alitabasamu peke yake, bila kunitazama. Nilipitisha kalamu nyekundu juu ya kazi ile. Nikasoma kadi. Aliitazama kalamu, si mimi. Nilipompa karatasi ya pili aliinama juu yake kwa muda mfupi sana, akaweka penseli chini taratibu, akaisogeza iwe sambamba na ukingo wa meza, akasema, "Nimemaliza, mwalimu." Alikuwa hajaandika chochote.

Pacha wa pili alisomewa "hongera," akahangaika na karatasi ya pili mpaka ikabidi nimwambie aache.

Mchana ule nilieleza ukweli kwa wote wa "pole," mmoja mmoja, nyuma ya stoo. Wengi walicheka. Mmoja alinitukana kwa Kisukuma akidhani sielewi, nikaona amenitendea haki. Nilipofika kwa pacha wa kwanza, hayupo. Alikuwa ameshaondoka na ndoo kwenda kisimani, na kisima hakikuwa karibu. Pikapu ilikuwa imeshafika, dereva anapiga honi, tukikosa kivuko tunalala Kamanga. Daktari alikuwa ameshapanda. Pacha wa pili alikuwa amesimama mlangoni na biskuti za watu wawili mkononi.

Nikamwambia, "Mwambie mwenzako alifanya vizuri tu. Asihuzunike. Umesikia?"

"Ndiyo, mwalimu."

Kwenye kivuko nilikaa juu ya gunia la mtu nikajaza fomu. Nilipofika kwenye jina la pacha wa kwanza, kalamu ilisita kidogo. Nikaweka tiki. Nilijiambia ujumbe umefika, na kwamba mtoto anamwamini ndugu yake kuliko anavyomwamini mgeni.

Daktari alifurahi sana na mapacha wale. Alisema jozi nyingine zote, za watoto tuliowalinganisha kwa umri na alama, zilikuwa na kasoro kidogo, ila ile ilikuwa safi. Karatasi za pili alizifungasha pamoja na fomu, za kwanza akasema hazina kazi, zisimzidishie mzigo. Nilizibeba mimi. Nyuma zilikuwa nyeupe, na wakati ule karatasi ilikuwa karatasi.

Wiki mbili zilipita, mtihani bado haujafika. Siku moja nilimkuta mwalimu mkuu sokoni Mwanza akinunua chaki, kwa kuwa serikali ilikuwa imeacha kuleta na wazazi ndio walichangia. Nikamuuliza mapacha wanaendeleaje. Aliweka boksi la chaki chini.

"Hawaji shule," alisema. "Yule wa kwanza alirudi nyumbani siku ile ile akamwambia mama yake kwamba watu wa chuo kikuu wamempima na hana kichwa cha mtihani. Amegoma. Na mama yake amemzuia na wa pili. Anasema wakitengana, mmoja huku na mwingine sekondari, mmoja atakufa. Nimekwenda mara tatu."

Nilishikilia ubao wa muuza nyanya. Sijui kama niliaga.

Kesho yake asubuhi nilivuka peke yangu. Njia nzima nilikuwa najipangia maneno, na kila nilivyoyapanga yaliniweka mimi pazuri. Nilimkuta mama uani akikata viazi vitamu na kuvianika kwenye jiwe, michembe ya msimu wa njaa. Pacha wa kwanza alikuwa akimsaidia. Wa pili alikuwa amekaa kizingitini na daftari la hesabu magotini, anajifundisha mwenyewe, amezuiwa shule lakini hajazuiwa daftari. Alinisalimia kwa furaha, akakimbia kunitolea kigoda.

Nikawaeleza. Niliwaeleza kuhusu vizibo, kopo la maziwa na kadi mbili. Nilimwambia pacha wa kwanza kwamba nilichomsomea hakikuwa kweli, kwamba kingemwangukia mtoto yeyote ambaye mkono wake ungegusa kizibo kile. Nilimwomba msamaha, na sikuona haya.

Alinisikiliza huku akiendelea kukata viazi. "Mwenzangu aliniambia," alisema. "Aliniambia umesema nilifanya vizuri. Nilijua ananibembeleza, kwa vile yeye alifaulu."

"Hakukubembeleza. Nilimtuma mimi."

"Wewe ndiye uliyeniambia nimeshindwa."

Ndipo nilipomsikia pacha wa pili kutoka kizingitini, sauti yake ndogo kabisa.

"Kwa hiyo na mimi ilikuwa kizibo?"

Katika kupanga maneno yote yale kwenye kivuko, sikuwa nimemkumbuka huyu. Nilikuwa nimekuja kumponya mmoja. Nilimtazama, na daftari lake, na nikatamani Daktari awepo aone mtu anavyoumizwa na sifa.

"Ndiyo," nikasema. "Na wewe."

"Sikufaulu?"

"Sijui."

"Mwalimu, ulisahihisha. Nilikuona na kalamu nyekundu."

"Sikusahihisha. Nilipitisha tu kalamu."

Mapacha walitazamana. Hata leo siwezi kusema kulikuwa na nini katika kutazamana kule, ila baada yake walizungumza kama mtu mmoja. Wa kwanza akaweka kisu chini. "Basi tuletee karatasi zetu," alisema. "Zile za kwanza. Mwalimu mkuu atazisahihisha, tutaona wenyewe."

"Ndiyo," akasema wa pili. "Tuletee karatasi tu."

Lilikuwa ombi la haki, dogo, na mwanafunzi yeyote angeliomba. Na mimi nilikuwa nimeziwashia mkaa. Furushi zima, moja baada ya nyingine, kila jioni, nikichemsha maharage yangu Ilemela. Nilizikunja bila kuzisoma, na hata lile umbo lililomfanya pacha wa kwanza atabasamu sikuwahi kuliangalia.

Ningeweza kusema zimepotea. Ningeweza kusema ziko Dar es Salaam. Niliwaambia ukweli, na nilipoona nyuso zao nilijuta hata huo.

Mtihani ulipita bila wao. Hilo nilikuja kulisikia baadaye kutoka kwa mwalimu mkuu, na nalisema hapa wazi ili nisijifiche. Daktari nilimwandikia barua ndefu nikamweleza kuhusu tiki yangu. Alijibu kwa upole, akasema anasikitika sana na kwamba jozi ile ataiondoa kwenye hesabu. Akaiondoa, na utafiti wake ukasimama vizuri tu bila wao.

Lakini siku ile uani hakuna aliyenipigia kelele. Afadhali wangepiga. Pacha wa pili alilifunga daftari lake la hesabu, akaingia nalo ndani, akatoka mikono mitupu. Akachukua kisu cha pili kwenye sinia, akakaa karibu na mwenzake, wakaanza kukata viazi pamoja, kwa unene ule ule.

Mama aliwatazama kwa muda. Kisha akanigeukia, bila ukali.

"Uliniambia watapewa sawa," alisema. "Basi. Leo umewapa."